Mama Yake Musa Kaenda Wapi?

Sur, 20 Aprili 2025

Resti,

Salamu nyingi kwako, kwa bibi Nunu, na kwa mwanangu. Miye nipo, nimelazwa ubavu kama samaki sokoni. Daktari kasema mimba haijatulia, nisisimame ila kwa haja. Wakwe zangu ni wema, wananifanyia kila kitu. Mume wangu Hazim akirudi kazini kitu cha kwanza ananiuliza, "Umesimama?" utadhani askari wa zamu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya bibi ni redio. Kwa vile hasikii vizuri, anaifungulia sauti mpaka jirani wanaitikia salamu. Na zile za kuonana uso kazipiga marufuku tangu siku Shouq aliponiona kiooni, akakibusu kioo, kisha akakataa kula. Kakangu Majid anapita njia hii kila wiki na gari lake la majani ya mifugo, yeye ndiye atakuwa posta wetu. Nisamehe mwandiko. Skuli niliiachia darasa la tisa nikaolewa, na Kiswahili nilifundishwa na bibi kwa mdomo, si kwa daftari.

Nieleze kila kitu. Anakula? Analala saa ngapi? Nywele unamfungaje? Usimsuke vile viwili vya pembeni. Vile humsuka mimi.

Majid kanambia Shouq kaanguka soko la Jumatano, akalia, "Resti! Resti!" Alidhani atanifurahisha, maskini, kwamba mtoto anaye wa kumlilia. Nikacheka naye. Alipotoka nikageukia ukuta.

Nimempa flashi akuletee. Ndani mna filamu mpya ya Wamarekani ya Nabii Musa, ya katuni. Nesi mmoja hapa kanambia pale mama anapomtia mtoto kikapuni, hata ukuta unalia. Nataka Shouq aone kwamba mama anaweza kuwa mbali na mtoto wake na asiwe kamtupa. Bibi atagomba, kwetu Nabii hachorwi, kwa hivyo iwekeni akiwa kalala. Wewe najua utafurahi. Ni hadithi ya kitabu chenu pia, na filamu hizi mmetengenezewa nyinyi.

Mbusu paji la uso. Mwambie hilo ni langu.

Shukriya


Ibra, 25 Aprili 2025

Mama Shouq mpendwa,

Pole na kulala. Hapa tu wazima. Shouq anakula, juzi amemaliza sahani ya wali na papa akaomba ukoko. Nywele nimemfunga mkia mmoja nyuma. Viwili vya pembeni vinakungoja.

Filamu tuliiangalia Jumanne, Bi Nunu akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Nikuambie kweli, sikuifurahia.

Mwanzo ni mzuri. Mama anakipaka kikapu lami, anakiweka majini, anakisindikiza kwa macho mpaka kinapinda kwenye matete. Na hapo ndipo wanapoachana naye. Haonekani tena! Anakuja binti Farao, anamwokota mtoto, anamnywesha maziwa kwa kikombe cha dhahabu, anamwimbia wimbo ule ule aliokuwa akiimba mama yake. Ameujulia wapi? Basi inaendelea hivyo, Musa anakua, bahari inapasuka, samaki wanaruka huku na huku, imekwisha. Shouq akaniuliza, "Mama yake Musa kaenda wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani kwake. Akasema, "Hayumo. Rudisha nyuma tumtafute." Tukarudisha nyuma. Hayumo.

Leo Ijumaa ni siku yangu, nikaenda kunywa chai na wenzangu wanaofanya kazi za ndani nyumba za hapa. Kumbe wote wameshaiona, na wote ni Wakristo, lakini ungesema kila mmoja ana Biblia yake. Nekesa, Mkenya wa Bungoma, anataka filamu za namna hiyo zisusiwe zote. Anasema Hollywood inalichukua Neno la Mungu kama nguo ya mtumba, inakata mikono, inashona mfuko pasipo na mfuko, kisha inatuuzia sisi sisi. Dada mmoja wa Uganda akamjibu, "Acha ukali. Mwanangu nyumbani hajawahi kufungua Biblia, lakini juzi ameniuliza Musa ni nani." Wakavutana mpaka chai ikapoa.

Mimi bahari waipasue watakavyo, na samaki waruke. Lakini huyo mama! Nilisema kwa sauti kubwa mpaka Nekesa akaniuliza, "Wewe umekuwa wakili wake tangu lini?"

Nisamehe kwa kuizungumza sana filamu. Najua uliituma kwa upendo. Shouq amekubusu hapa, penye alama ya mafuta.

Resti


Sur, 3 Mei 2025

Restituta,

Bibi kapiga simu jana. Anacheka, ananambia mwanangu ana mchezo mpya. Anamtia mdoli kwenye karai, anamsukuma kwenye falaji, ule mfereji wa maji wa bustanini, halafu anakuvisha wewe ushungi wa bibi wenye nyuzi za dhahabu na kukwita mama binti mfalme.

Mama. Na bibi anacheka! Nyumba nzima huku imesikia, wifi yangu akainama kwenye sahani yake.

Barua yako ilikuwa kurasa mbili. Umenieleza Nekesa, umenieleza Mganda, umenieleza samaki wanaoruka. Hili hukulitia. Kwa nini? Umeogopa nitaumia, au ulitaka ubaki nalo peke yako?

Najua aliyeleta mchezo huo ni mimi, na flashi yangu. Nilitaka aone mama kalazimika. Yeye kaona mama katoweka, na aliyebaki na mtoto ni mwingine, mwenye kikombe cha dhahabu. Hilo ni kosa langu, wala sikutupii wewe. Lakini sikukutuma uvae ushungi.

Nalala hapa na khanga aliyoichezea Shouq, ile yenye doa la bizari, siachi ifuliwe. Nafikiri sasa hivi anaoga, nani anampaka povu puani? Anacheka, nani anamsikia? Kila kinachonijia mawazoni kina mikono yako. Hata ndotoni umo, Resti, na hata ndotoni unanitangulia mlangoni.

Basi sikiliza. Asilale kitandani kwako. Alale na bibi. Asikwite mama hata kwa mchezo. Nikishajifungua, Majid atawaleta Shouq na bibi huku Sur. Wewe utabaki kutunza nyumba. Hazim anasema tutafute mtu mwingine, mtu mzima. Sijamjibu.

Na huyo mama wa Musa wa kwenye kioo unayemtetea mbele ya wenzako, ni rahisi kumtetea. Wewe hujazaa. Huujui moto huu.

Shukriya


Ibra, 7 Mei 2025

Mama Shouq,

Majid amenipa barua yako ina doa la chai, anasema alipumzika njiani, Al Kamil. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Nimezaa. Mwanangu anaitwa Anyesi. Nilipokuja kwako alikuwa ndio kwanza anatimiza miaka miwili, na Shouq wako mmoja. Wakala aliniambia niseme sina mtoto, eti mabibi wa Kiarabu wa huku hawamtaki mwenye mtoto, mawazo yake hayatulii. Nikasema sina. Ukanifungulia mlango ukanipa Shouq nimshike, alikuwa na uzito ule ule niliouacha.

Anyesi yuko Kasulu kwa dada yangu Veneranda. Dada ni mwema, na hicho ndicho kibaya chake. Angekuwa mkali ningejua mtoto ananililia. Mwezi wa pili walinipigia simu, Anyesi akaniimbia wimbo wa shule, akamaliza, nikasikia dada akimwambia taratibu, "Haya, muage mama mdogo." Mama mdogo ni mimi. Dada hakukusudia, ni ulimi umezoea. Nilisema asante, umeimba vizuri. Kisha nikaenda kumkaangia Shouq yai.

Kwa hiyo moto wako naujua. Naujua unapokaa, hapa chini ya titi. Wewe unanionea wivu mimi, mimi namwonea wivu Veneranda, na sijui Veneranda analala vipi.

Unauliza kwa nini sikukuandikia ule mchezo. Aliponivisha ushungi na kuniita vile, niliitika. Kabla sijafikiri, mama Shouq, niliitika. Ilikuwa tamu. Sikuwa na namna ya kukuandikia hilo.

Sasa nikuambie kipande walichokikata, ndipo utajua kilichonipandisha sauti kwa Nekesa. Katika kitabu chetu dada yake mtoto alikuwa amesimama mbali, anachungulia. Akaja, akamwambia binti Farao, nikutafutie mwanamke wa kumnyonyesha? Akaenda kumleta mama yake mwenyewe! Akapewa mwanawe amnyonyeshe, na mshahara juu. Wale wenye filamu waliona hilo dogo, bahari ndiyo kubwa. Kwangu mimi, bahari ni dogo.

Jana nilikuwa namsimulia Shouq jikoni, Bi Nunu akaingia. Nikajua leo nimekwisha. Akasema, "Kwanza si binti wa Firauni. Ni mke." Nikasema, binti, bibi. Akasema, "Mke!" Tukabishana mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasema, "Na kwetu imekuja kwamba mtoto alikataa maziwa ya wanawake wote, mpaka alipoletwa mama yake." Hilo la kukataa sisi hatunalo. Nilimwomba alirudie.

Shouq ameanza kulala na bibi tangu leo. Ushungi nimeurudisha kabatini. Nitabaki kutunza nyumba kama ulivyoagiza.

Restituta


Ibra, 29 Mei 2025

Mama Shouq,

Majid amepita tena mikono mitupu. Anasema umehamishiwa hospitali, na mtoto anataka kutoka kabla ya wakati. Sikungoji unijibu. Nakuandikia tu ujue watu wako wako namna gani.

Bi Nunu anakusomea Yasini chumbani. Mimi nasali rozari jikoni. Tunapishana mlangoni, yeye ana tasbihi yake, mimi nina yangu. Leo ameniachia kipande cha halwa juu ya friji na kufunika kwa kikombe.

Shouq anauliza kama na wewe umetiwa kikapuni. Nimemwambia kikapu kina dada wa kukichungulia, na huyo dada ni yeye.

Nimemfungia mkoba wake wa Sur mapema, uwe tayari. Nimetia gauni la kijani, chanuo lenu, na vibanio viwili vya pembeni. Ndani mna mdoli, amelowa na kuchafuka, tafadhali usimtupe wala usimfue. Shouq ana kazi naye. Atakueleza mwenyewe.

Kama mtaleta mtu mzima badala yangu, mwambieni mtu huyo kwamba Shouq hapendi kufutwa pua kwa nguvu.

Resti


Sur, 21 Juni 2025

Resti,

Alhamdulillah. Ni mvulana, Yazeed, mdogo kama kuku wa kienyeji, lakini ana sauti ya muadhini. Tumerudi nyumbani. Barua zako mbili za mwisho nilikuwa nazo chini ya mto hospitalini. Ya kwanza niliisoma nikakasirika, kwamba hata huu wivu wangu umenichukulia, na wewe una wako. Kisha nikaisoma pale pa mama mdogo. Nikaikunja, nikairudisha chini ya mto.

Jumatano hii Majid kawaleta. Nilivaa ile nguo ya zambarau anayoipenda. Nikasikia mlango wa gari, nikasikia ndara zake, akaingia, akanitazama, akajificha nyuma ya bibi. Nikamwita. Akageuka kuangalia mlangoni. Alikuwa anakutafuta wewe. Nikasema moyoni, ndiyo haya, yametimia. Na Yazeed kifuani ananyonya, na Shouq anamtazama kama mtu aliyemkamata mwizi wake. Tukawa wenye wivu wawili chumba kimoja, mkubwa na mdogo, bibi katikati anahema na ngazi.

Basi akafungua mkoba. Akamtoa yule mdoli, nywele zinanuka falaji. Akasimama mbali akanambia, "Huyu kakataa wote."

Nikamuuliza, wote nani?

"Kamkataa bibi. Kamkataa Resti. Kamkataa mama Ghaliya anayeuza udi, na wa buni, na wa nguo, na yule kizee wa samli. Soko zima kakataa. Resti kasema yupo mmoja hatujamjaribu, yuko Sur."

Nikamtazama bibi. Bibi akaninong'oneza sikioni, ili mtoto asiharibiwe mchezo wake, kwamba ni kweli. Kwamba Jumatano mbili umemzungusha soko la wanawake meza kwa meza, na wanawake wazima wameacha mizani yao, kila mmoja kampakata mdoli, kampa ziwa la uongo, kangoja, katikisa kichwa: kakataa, mwanangu, jaribu mbele. Na Ghaliya, unavyomjua hacheki na mtu, ndiye aliyetikisa kichwa zaidi.

Nikafungua mkono wangu wa pili. Akanisogezea mdoli kwa kunyoosha kidole tu, kama anayelisha ngamia. Nikampakata. Yazeed huku, mdoli huku. Shouq kaja hatua kwa hatua mpaka pumzi zake nazisikia. Akauliza, "Kakubali?"

Nikasema, "Kakubali."

Akapanda kitandani, Resti. Na viatu.

Nimelia mpaka wifi akaja mbio kudhani nimepasuka mshono. Na nikwambie kweli, hata hapo kidogo nilikuonea wivu, maana na hilo ni lako. Ningelizua miye ningefurahi zaidi. Lakini ulinizulia mimi, na ulinizulia siku niliyokukataza kuja.

Hazim nimeshamjibu. Hatutafuti mtu. Yeye kauliza, "Basi nani atakusaidia na wawili hawa?" Nikamwambia, Resti kwanza aende kwao, tiketi ni juu yetu, Majid atakuletea pamoja na barua hii. Usinishukuru. Kila Shouq anaponiletea mdoli nafikiri, na yule wa Kasulu anangoja kujaribiwa mmoja tu, na mmoja huyo ninaye mimi. Sina raha.

Shouq anasema umchukue mdoli umwonyeshe Anyesi. Lakini umrudishe.

Rudi na wewe. Wivu unanambia usirudi upesi. Miye nasema rudi.

Shukriya


Kasulu, 27 Julai 2025

Shukriya,

Naandika kwa karatasi kwa mazoea, kisha nitaipiga picha nimtumie Majid. Mwambie hii haina doa la chai.

Nilifika salama. Anyesi amerefuka, meno mawili ya mbele hayapo. Alinisalimia vizuri sana, "Shikamoo," na mkono, kama anavyomsalimia padri. Kisha akarudi nyuma ya Veneranda. Dada akamsukuma mbele, "Nenda kwa mama yako," akang'ang'ania kitenge cha dada. Nikasema mwache. Sikumwonyesha mdoli siku hiyo. Niliogopa na mimi nikikataliwa nitasema nini.

Leo baada ya misa parokia yetu imewaonyesha watoto filamu. Shuka ukutani, watoto chini, wakubwa nyuma. Ikaanza, na unajua ni ipi. Nikataka kutoka. Kikapu kikaenda, mama akatazama, kikapinda, akaja binti Farao na kikombe chake. Mama mmoja mzee nyuma yangu akasema, "Na mama yake?" Wengine wakadakia, "Mama yake yuko wapi?" Watoto nao wakaanza kugeuka. Mwenyekiti wa vijana akasema tuache iendelee, Hollywood wametumia fedha nyingi na watoto wanafurahi. Yule mzee akamwambia, "Fedha zote hizo na mama amewashinda?" Kelele zikawa nyingi, katekista Melkiori akaisimamisha, akasimama mbele ya shuka, binti Farao amemganda mgongoni, akasimulia kipande chote kwa mdomo. Wanawake wakapiga vigelegele kama harusini.

Alipofika kwenye mnyonyeshaji nikajikuta nimesema kwa sauti, "Tena alikuwa amekataa wote." Katekista akanitazama. "Hilo umelitoa wapi?" Nikasema, kwa bibi mmoja wa Ibra. Akakohoa, akaendelea.

Anyesi alikuwa mapajani kwa dada. Akaniinamia akaniuliza, si mama mdogo, si nani, ameniuliza tu, "Huyo mama alijuaje kama mtoto atamkubali?"

Nikamwambia, "Hakujua. Alikwenda tu."

Akafikiri. Nikamtoa mdoli kwenye mkoba, nikasema huyu ametoka mbali na ana njaa. Akamchukua, akamgeuza, akamnusa, akasema ananuka. Kisha akateremka mapajani kwa dada, akaja akakaa kwenye benchi katikati yetu, akanipa nimpakate.

Dada Veneranda akatabasamu. Lakini niliuona uso wake, Shukriya. Ulikuwa barua yako ile ya mwezi wa tano. Nikasogea, nikamnong'oneza akae upande wa pili wa mtoto, karibu, na mkono wake mmoja amwekee mdoli kichwani.

Mbusu Shouq paji la uso. Mwambie kakubali, lakini taratibu.

Mama Anyesi